Ua jeupe la usiku: ni mnanaha wa kwetu, au ni mmea mtakatifu wa jangwani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Albuquerque, jimbo la New Mexico, na mume wangu na watoto wawili, mmoja ana miaka minne na mwingine saba. Nyuma ya nyumba, kando ya ukuta, umejiotea mmea mkubwa wenye maua meupe kama tarumbeta. Yanafunguka magharibi ikiingia na yananukia vizuri mno. Mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Muheza, alipouona tu akasema, "Huu si mnanaha huu?" na akataka kuchuma majani ayakaushe kwa ajili ya pumu yake. Mwenzangu kazini, ambaye ni Mzuni, kabila moja la wenyeji wa asili wa huku, nilimwonyesha picha akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwao mmea huo ni mtakatifu, nisiuchezee. Sasa sijui nishike la nani. Ni mnanaha kweli? Ni sumu? Niung'oe au niuache? Nimeambatanisha picha tatu: ya ua, ya jani na ya tunda.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na mama mpe salamu zangu za heshima. Kabla ya maelezo yoyote, kama kuna majani ameshayaanika mahali, naomba yaondoke leo. Yafunge kwenye mfuko, yatupe, halafu nawa mikono kwa sabuni. Hayo mengine tutayazungumza taratibu, kwa sababu wote watatu mmesema kweli. Mama hakukosea. Mwenzako hakutia chumvi. Na wewe unayewahofia watoto, hofu yako ni ya haki.

Picha ya tunda ndiyo iliyoniondolea mashaka. Mmea wako ni Datura wrightii, ndugu wa damu wa mnanaha, ila si mnanaha uleule. Kwetu jina hilo la mnanaha, au mranaha kama wasemavyo wengine, hubeba aina zaidi ya moja. Ule unaoota jalalani na pembezoni mwa mashamba ya mahindi mara nyingi ni Datura stramonium. Tunda lake husimama wima juu ya tawi, likikauka hupasuka sawia vipande vinne, na mbegu zake ni nyeusi. Ua lake ni dogo, mara nyingi halifiki sentimita 10. Mwingine ni Datura metel, wenye maua meupe au ya zambarau, ambao watu huupanda hata uani kama pambo. Sasa tazama picha yako. Tunda ni la mviringo, lina miiba myembamba mwili mzima, na limeinama kuelekea chini. Ukilifungua (lakini usilifungue) ungekuta mbegu za rangi ya hudhurungi iliyopauka. Ua lako linakaribia sentimita 20, na jani lina vinyweleo vifupi vinavyolifanya lionekane la kijivujivu, kama lililonyunyiziwa vumbi. Ukilisugua jani hilo hutoa harufu nzito ya kuchefua, tofauti kabisa na manukato ya ua lake.

Kuna tofauti nyingine itakayokuhusu mbele ya safari. Mnanaha wa mashambani kwetu huishi msimu mmoja ukafa. Huu wa kwako una mzizi mnene chini ya ardhi. Baridi ya Desemba ikija, sehemu ya juu itakauka utadhani umekufa, na joto likirudi utachipua tena palepale. Umezoea jangwa lile tangu California mpaka Texas, na kusini hadi kaskazini mwa Meksiko. Jina lake la kitaalamu linamkumbuka Charles Wright, Mmarekani aliyekusanya mimea katika nchi hizo kavu katikati ya karne ya 19.

Ukoo wake utakushangaza. Ni jamii moja na nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili, viazi mviringo, tumbaku, hata mnavu anaoupika mama. Ndiyo sababu ukiutazama kwa haraka ukiwa bado mchanga, jani lake halikushtui. Linafanana na vitu tulivyokua navyo jikoni. Nadhani hapo ndipo hatari yake kwa watu wetu huanzia, kwa kule kuonekana kama jamaa.

Sasa nije kwa mwenzako, kwa sababu alichokuambia kina uzito kuliko ulivyodhani.

Wazuni wanaishi magharibi ya hapo ulipo, karibu na mpaka wa Arizona, na wamekuwa katika nchi hiyo tangu zamani sana kabla ya Mhispania wa kwanza kufika. Mwaka 1915 mtafiti Matilda Coxe Stevenson alichapisha kazi yake juu ya mimea ya Wazuni, na humo aliandika kisa alichosimuliwa kuhusu mmea huu. Nakisimulia kwa kifupi. Zamani kaka na dada waliishi ndani ya ardhi. Kaka aliitwa A'neglakya, dada A'neglakyatsi'tsa. Walikuwa na desturi ya kupanda juu duniani, wakazunguka huku na huko, wakitazama kila kitu na kusikiliza kila kitu, kisha wakarudi kumweleza mama yao yote waliyoyaona. Pacha wawili watukufu, wana wa Jua, hawakulipenda jambo hilo. Siku moja wakakutana nao wakawauliza habari. Wale ndugu wakajibu kwamba wao ni wazima na wana furaha, wakaeleza na mambo wanayoyaweza: kumlaza mtu usingizi akaona mizimu, na kumfanya mtu azunguke kidogo akamwona aliyemwibia. Pacha wakaona hawa wawili wanajua mno. Wakawatowesha ardhini wasirudi tena. Pale walipozama yakachipua maua, sawasawa na yale waliyokuwa wameyavaa pande mbili za vichwa vyao, na ua likabaki na jina la yule kaka.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu kila kilichomo ni cha mmea wenyewe: usingizi, mizimu, kuona kisichoonekana, na adhabu ya kujua kupita kiasi. Waliokitunga waliujua vizuri. Kwao haukuwa mmea wa kila mtu. Ulikuwa amana ya makuhani wa mvua na vyama vichache vya waganga, na hao ndio waliokuwa na ruhusa ya kuuchimba. Makuhani waliutumia katika kuomba mvua, na katika nchi kame kama ile, kuomba mvua si jambo dogo. Waganga nao waliutumia kumtuliza mtu wakati wa kuunga mfupa uliovunjika, miaka mingi kabla ya ganzi ya hospitali. Kwa hiyo mwenzako aliponyamaza, hakuwa anakutisha. Alikuwa anafikiri akuambie kiasi gani, kwa sababu mambo haya si ya kuropokwa mbele ya mtu yeyote. Ningekushauri usimchimbe kwa maswali. Mwambie ahsante kwa kunionya. Akitaka kuongeza neno, ataongeza mwenyewe.

Wazuni hawako peke yao. Pwani ya California, karibu na Santa Barbara, Wachumash waliuita momoy. Na Momoy katika hadithi zao ni bibi kizee, mjane, mwenye nyumba yake, anayelea wajukuu. Anaweza kumwambia mtu yatakayompata. Maji aliyonawia mikono ndiyo kinywaji chenyewe: mtu akiyanywa huzama katika usingizi mzito na kuona mambo. Naipenda sana picha hiyo. Hawakuufanya mmea huu kuwa mungu wa kutisha wala shujaa. Waliufanya bibi, na bibi, kama tujuavyo, anakupenda na anakuchapa. Kijana alimwendea Momoy alipofikia umri wa utu uzima, akiongozwa na mkubwa anayejua kazi, ili apate msaidizi wake wa ndotoni atakayemlinda maisha yake yote.

Kusini zaidi, kwa Waluiseño, wavulana walikinywa kinywaji hicho katika jando lao, nao mara moja tu maishani. Mizizi ilipondwa katika kinu cha jiwe kilichotengwa kwa kazi hiyo na si nyingine. Wazee walikaa na vijana, wakawafunza miiko ya kabila, na mafunzo mengine yalichorwa kwa mchanga wa rangi ardhini. Msomaji aliyepita jandoni au unyagoni ataelewa bila kufafanuliwa: kuna mlango, kuna mwenye ufunguo, kuna siku yake, na ukishapita hurudii.

Ushahidi wa matumizi haya haumo katika masimulizi tu. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na David Robinson walichapisha matokeo ya kazi yao katika pango moja dogo la California liitwalo Pinwheel Cave, pembezoni mwa nchi ya Wachumash. Darini mwa pango kuna mchoro mwekundu wa kitu chenye ncha tano zilizojipinda kama kishada kinachozunguka. Kwenye nyufa za dari hiyohiyo yalikuwa yamechomekwa matonge ya nyuzi za mimea, yaliyotafunwa yakatemwa. Walipoyapima maabara wakakuta sumu mbili za Datura, atropini na skopolamini. Matonge hayo ni ya miaka kati ya 1530 na 1890 hivi. Kuhusu mchoro, fanya jambo moja. Jioni ukiwa na nafasi, tazama chipukizi la ua lako kabla halijafunguka. Utaona limejisokota, na ncha zake tano zimepinda upande mmoja. Ndivyo mchoro ulivyo. Kuna anayeutafsiri vinginevyo, lakini mimi niliyeyatazama maua haya yakifunguka jioni nyingi sioni kitu kingine pale darini.

Waazteki wa Meksiko nao waliwaita ndugu zake toloatzin, neno linalotokana na kuinamisha kichwa, na mwisho wake ule wa "tzin" ni wa heshima, kama sisi tunavyomwita mtu "mzee" au "bwana". Mheshimiwa aliyeinamisha kichwa: bila shaka waliliangalia tunda. Kihispania cha Meksiko mpaka leo huuita toloache. Na mbali kabisa na huko, nchini India, Wahindu humtolea Shiva maua na matunda ya Datura, na jina Datura lenyewe lilitoka katika lugha za India. Watu ambao hawakuwahi kuonana, bara hili na lile, waliukabidhi mmea wa namna moja kwa wenye mamlaka ya kiroho.

Kwa nini? Hapa ndipo utakatifu na sumu vinapokutana, na ndipo penye jibu la swali lako lote.

Sehemu zote za mmea, yaani mzizi, shina, jani, ua, hata utamu ulio ndani ya ua, zina alkaloidi, yaani zile sumu za atropini na skopolamini. Mbegu ndizo zinazoogopesha zaidi kwa mtoto, kwa kuwa ni nyingi, ni ndogo, na zinabugika kiganjani. Mwilini mwetu kuna kemikali iitwayo asetilikolini inayobeba amri kutoka kwenye neva kwenda kwenye tezi za mate na jasho, moyo, utumbo, kibofu, mboni za macho, na pia ndani ya ubongo. Sumu hizi hukalia kiti cha asetilikolini na kuizuia isikae. Amri hazifiki. Katika nusu saa au saa moja hivi mdomo hukauka hata kumeza kunashindikana. Mboni hupanuka mpaka macho yanaonekana meusi, na mwanga unaumiza. Moyo unakimbia. Mkojo unaziba. Ngozi inakuwa nyekundu, kavu na ya moto, kwa sababu jasho limekatika, na jasho likikatika katika jangwa ambalo kiangazi joto hupita nyuzi 35, mwili hauna njia nyingine ya kujipoza. Watu hufa kwa joto hilo, au kwa moyo, au kwa kutangatanga wakaanguka korongoni au wakazama majini.

Na akili? Watu husikia neno "maono" wakadhani ni raha. Si raha. Mtu huweweseka, anaongea na ndugu ambaye hayupo chumbani, anachuma hewani vitu visivyokuwepo, anaogopa, na hajui kwamba anaota. Hali hiyo inaweza kuendelea siku nzima, wakati mwingine mbili na zaidi, na akizinduka hakumbuki. Mwaka 1676 askari wa Kiingereza huko Jamestown, Virginia, walipika majani ya Datura stramonium wakidhani ni mboga. Taarifa iliyoandikwa miaka kadhaa baadaye inasema walirukwa na akili kwa siku 11, ikabidi wafungiwe wasijidhuru, na walipopona hawakukumbuka lolote.

Lililo baya zaidi ni kwamba hakuna kipimo. Mmea mmoja na mwenzake uliosimama hatua mbili kando hutofautiana kwa nguvu. Jani la mwezi huu si jani la mwezi ujao. Umri wa mmea, udongo na ukame vyote hubadilisha. Makuhani na wazee wale walikuwa na elimu iliyorithishwa kwa vizazi, walikuwa na mtu wa kumshika mkono mnywaji usiku kucha, na bado walifiwa. Ndiyo maana ikawa mara moja maishani, ndiyo maana kikawepo kinu cha pekee na mwenye ufunguo wake. Kusema mmea ni mtakatifu kulikuwa pia kusema usiuguse. Vijana wa leo wanaoutafuna kwa sababu wamesikia kwamba wenyeji wa zamani waliutumia hawafuati mila ya mtu yeyote. Wamebomoa uzio uliojengwa kuwazunguka wao wenyewe.

Turudi kwa mama, maana sitaki aone kama namdharau. Majani ya mnanaha yalivutwa kama tumbaku kwa ajili ya pumu katika nchi nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 19 matumizi hayo yalipelekwa Uingereza kutoka India, na kwa zaidi ya miaka 100 maduka ya dawa ya Ulaya na Marekani yaliuza sigara za pumu zenye majani ya Datura. Yalifanya kazi kweli, kwa sababu sumu ileile inayozuia amri za neva hulegeza misuli ya njia za hewa, kifua kikafunguka. Mama zetu hawakubahatisha. Lakini waliovuta walivuta na moyo kwenda mbio na akili kuyumba, na wapo waliokufa. Kazi ya wanasayansi ikawa kuichukua kemia hiyo na kuibadilisha kidogo ili ibaki kifuani isivuke kwenda kwenye ubongo. Dawa za kuvuta za ipratropiamu na tiotropiamu, ambazo hospitali huwapa wenye pumu na maradhi mengine ya mapafu, zilitengenezwa kwa njia hiyo. Mwambie mama hivi: dawa yake ya kienyeji ilisafishwa, ikapimwa, ikawekwa kwenye kopo la kuvuta. Kama pampu yake imekwisha au aliisahau Muheza, mpeleke kliniki wiki hii akaandikiwe nyingine, na kama ana tatizo la moyo au presha ya macho, amweleze daktari. Mwenye presha ya macho akivuta moshi wa jani hili anaweza kupandishiwa ghafla kiasi cha kupoteza uwezo wa kuona.

Na asidhani kwamba kulichemsha jani au kulikausha kunaondoa sumu. Tulilipa gharama ya kujua hilo hapahapa Afrika Mashariki. Machi na Aprili 2019, huko Karamoja, Uganda, unga wa lishe wa mahindi na soya uliogawiwa kama msaada ulikuwa umechanganyika na sumu za mimea ya jamii hii. Watu takriban 300 waliugua na watano wakafariki. Ulikuwa umesindikwa kiwandani, ukasafirishwa, ukapikwa uji, na sumu ikabaki. Akina mama waliokoroga uji ule kwa ajili ya watoto wao hawakuuona mmea wala mbegu. Kila nikiandika juu ya Datura nawakumbuka wao. Kwa mkulima wa mahindi au maharage anayenisoma kule nyumbani, ushauri ni kuung'oa mnanaha shambani kabla haujazaa, kwa sababu ukivuna pamoja nao, mbegu zake zitaingia ghalani.

Sasa la kufanya. Kwa mtoto wa miaka minne anayecheza uani, mimi ningeuondoa. Sisemi hivyo kwa kuuchukia. Nimesafiri mbali kwenda kuutazama ukiwa umejaa maua, na naelewa kwa nini mchoraji Georgia O'Keeffe, aliyeishi jimbo hilohilo la New Mexico, aliuchora tena na tena. Picha yake moja ya ua hili, ya mwaka 1932, iliuzwa mwaka 2014 kwa dola milioni 44.4. Lakini mmea huu umejaa kando ya barabara na kwenye mabonde makavu ya jimbo lako, hautatoweka kwa kuondoka nyuma ya nyumba moja. Mtoto wako hana mbadala.

Utakapouondoa, vaa glavu na mikono mirefu, na usijiguse usoni. Utomvu ukiingia jichoni, mboni ya jicho hilo itapanuka kwa siku kadhaa, na daktari asiyejua sababu anaweza kudhani una tatizo kwenye ubongo. Anza na matunda, yaingie mfukoni yakiwa mazima. Kisha kata matawi. Mwisho chimba mzizi, na siku nzuri ni baada ya mvua, udongo ukiwa laini, maana ukiacha kipande utachipua. Usiuchome moto, moshi wake una sumu. Usiuweke kwenye mboji wala usimpe mnyama. Mfuko ufungwe uende na taka. Miaka miwili mitatu ijayo uwe unapita pale ukutani, kwa kuwa mbegu hukaa ardhini muda mrefu zikingoja, na sisimizi hupenda kuzibeba kwa ajili ya kinundu cha mafuta kilicho juu yake, wakazipanda wasikojua.

Watoto waambie ukweli kwa lugha yao: ua hili linanukia lakini halionjwi, halinyonywi, halivaliwi masikioni. Ikitokea mtoto ametia chochote mdomoni, usingoje dalili na usimtapishe. Piga simu kituo cha sumu cha Marekani, 1-800-222-1222, kiko wazi saa zote na unaweza kuomba mkalimani. Akiwa anaropoka, ana degedege, hapumui vizuri au hazinduki, piga 911. Chukua kipande cha mmea au picha uende navyo, kwa sababu hospitali wana mkaa maalumu wa kunywesha, dawa za kutuliza, na njia nyingine za kupambana na sumu hii. Wakijua ni Datura watapoteza muda mchache. Mbwa na paka wahesabu humohumo.

Ila nina ombi moja, kama hutaki kuharakisha. Kabla hujachukua jembe, chagueni jioni moja mkae pamoja, wewe, mama, mume na watoto, hatua kadhaa kutoka kwenye ukuta, mtoto mdogo akiwa mapajani mwako. Jua likizama, chipukizi litatikisika, litajisokotoa, na katika muda mfupi ua litakuwa wazi. Kisha ngojeni nondo. Ni mkubwa, mabawa yake hutimiza kiasi cha sentimita 10 ukipima ncha kwa ncha, na hupiga mabawa akisimama hewani kama ndege chozi, akishusha ulimi mrefu kupita kiasi hadi chini kabisa ya tarumbeta. Anaitwa Manduca sexta. Akishiba huacha mayai yake kwenye majani hayohayo, na viwavi wake huyala majani yenye sumu wakanenepa. Ukiwa na nyanya bustanini, huenda umeshawahi kukutana na viwavi hao wa kijani wenye pembe nyuma. Kesho yake jua likipanda, ua lile litakuwa limesinyaa.

Lakini lile tunda la kwenye picha yako lisiingoje jioni hiyo. Limeshaanza kugeuka rangi kwenye mkunjo wa chini, na likifika hapo huwa limebakiza siku chache kupasuka. Vaa glavu ulikate leo.